Chaki Juu ya Stuli

Kwa miaka thelathini Mwalimu Kasanda aliwaambia wanafunzi wake kwamba kitu hakisogei kwa mawazo. Tangu kiharusi kilipomlaza, kilichobaki kumtii ni macho na ulimi mzito. Leo aliikazia macho chaki iliyokuwa juu ya stuli, nayo ikabingirika hadi ukingoni.

"Tunu! Umeona? Nimeisogeza mimi!"

"Nimeona, baba," binti yake akajibu.

Aliona pia pazia likipepea. Baba huyuhuyu ndiye aliyemfundisha darasani: ukitaka kuujua ukweli, funga dirisha kwanza, ndipo upime.

"Irudishe katikati, mwanangu. Narudia."

Tunu akairudisha. Kisha akaenda dirishani, akashika komeo. Nyuma yake baba alivuta pumzi, tayari, na pazia likaendelea kumpapasa Tunu mkono.