Painti ya Kwanza kwa Edgar Thwaite

Pampu ilikohoa mara moja, ikamtemea Basil, wa kwanza kujaribu, povu kifuani, kisha ikanyamaza. Ndani ya glasi mlibaki bia ya kumtosha paka.

Selwyn Ackroyd alibinua midomo. Alikuwa ameendesha baa ya kijiji kwa miaka thelathini, mpaka wenye jengo walipoifunga na kuligeuza vyumba vya kupangisha. Na leo amesimama sebuleni kwa Edgar Thwaite, msoma mita za maji mstaafu, anatazama kaunta iliyoundwa kwa mbao za kabati kuukuu, na juu yake pampu ya mkono iliyong'arishwa kama kombe la mashindano. Zulia la maua, picha za wajukuu ukutani, na pipa la bia chini ya kaunta! Mtu mzima na akili zake anafanya hivi nyumbani kwake!

Tatizo ni kwamba Edgar alikuwa mwenyekiti wa klabu ya kijiji, na klabu ilitafuta msimamizi wa mapipa ya bia. Selwyn aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Tangu baa ifungwe alikuwa akiamka asijue mikono yake aipeleke wapi. Na Edgar, kwa upuuzi wake, alikuwa ametangaza kwamba atakayejaza painti moja, yaani glasi kubwa ya bia, kwa pampu hii ndiye atakayekabidhiwa funguo.

"Kwako sijawahi kufika, Edgar," Selwyn alikuwa amesema alipoingia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Choo kiko upande gani?"

Sasa ilikuwa zamu ya Clifford, muuza nyama. Aliukamata mpini akauvuta kwa nguvu zake zote. Pampu ikapiga yowe, ikatoa povu tupu.

"Taratibu, bwana wee! Huo si ubavu wa ng'ombe," Selwyn alisema.

"Mimi povu silitaki kabisa," alilalamika Basil, akijifuta shati. "Kwetu Kent, kule kusini, tunakunywa bia, hatunyoi ndevu."

"Kwenu Kent mnakunywa maji ya soksi," Selwyn alimjibu. "Hapa Yorkshire bia isiyo na povu tunamrudishia aliyeimimina."

Edgar alicheka kwenye kiti chake, fimbo magotini. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa amewekewa nyonga mpya hospitalini, na tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa na kutabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomchefua Selwyn kuliko yote. Mwanamume asiyejua kinachoendelea chini ya kaunta yake mwenyewe, ndiye aongoze klabu!

Marjorie, mke wa Edgar, aliingia na sahani ya vipai vya nyama ya nguruwe. Alipomwona Selwyn akikunja mikono ya shati, alisimama.

"Achana nayo, Selwyn. Mashine mbovu hiyo. Njooni mle."

"Mashine nzima, shemeji. Mibovu ni mikono ya hawa."

"Nimesema iache!"

"Mwache ajaribu, mpenzi," Edgar alisema. "Ndicho kilichomleta."

Selwyn akavuta. Pampu ikakohoa, ikatema, ikanyamaza.

"Loo, hata bingwa!" Clifford alipiga paja lake. "Kumbe baa ilifungwa kwa sababu!"

Damu ilimpanda Selwyn usoni. Achekwe na muuza nyama, na mtu wa Kent anatazama? Hakuinama wala kuchungulia. Alipenyeza mkono wa kushoto nyuma ya kaunta, akausogeza pembeni mkebe wa biskuti za mbwa, akafungua kijikoki kilichokuwa nyuma yake. Kisha akauvuta mpini, mvuto mrefu wa polepole, na mwingine. Bia ya rangi ya shaba ikapanda ndani ya glasi, ikatulia, povu zito jeupe likakaa juu.

"Hiyo ndiyo painti," alisema. "Nyinyi wengine rudini kwenye chai zenu."

Hata Basil alipiga makofi. Edgar aliinuka kwa fimbo yake, funguo za klabu mkononi. Akaichukua glasi, akaielekeza dirishani, akaonja.

"Safi kabisa," alisema. "Umejuaje kuifungulia?"

"Miaka thelathini, Edgar. Mkono unajua wenyewe."

"Naona." Edgar alizirudisha funguo mfukoni. "Ila pampu haziwekwi koki hapo, Selwyn. Hiyo niliibuni mwenyewe, na niliyemwonyesha ni mtu mmoja tu, asubuhi niliyokwenda kulazwa hospitali, ili bia isije ikamwagika wakati sipo."

Kisha akageuka kumtazama mkewe.