Picha kwenye Pakiti

Kidonge kilikuwa tayari ulimini Mwanahija alipoiona picha kwenye pakiti: mwanamke mwenye tumbo kubwa, amekatwa na mstari mwekundu.

Hakujua kusoma. Picha aliielewa. Akakitema.

Siku walipokimbia vita kisiwani Koyama, nahodha wa jahazi alikataa kupakia waja wazito, naye akalifunga tumbo kwa kanga mbili chini ya buibui. Huku kambini aliendelea kuficha. Kwa daktari alitaja kiungulia tu.

Akarudi kwenye dirisha la dawa, akawapita wanawake wote kwenye foleni. Mbele yao akazilegeza kanga, tumbo likajitokeza.

"Dawa hii si yangu," akamwambia daktari aliyekuwa dirishani. "Na kwenye kadi yangu ya kambi mumeandika mchu mmoja. Futa. Tumekuja wawili."