Leso Machoni

Edah alijifunga leso machoni mchana kweupe, akaliacha lango la shule akipapasa ua. Mtaa mzima wa Shieywe ulishamzoea. Vijana wa boda waliokuwa wakimcheka walizima pikipiki apite, maana kuna mtu alimwona akitoka kliniki ya macho akilia, amemshika mtoto mkono. Na Shieywe, jambo likionwa na mmoja, limefika kila jikoni.

"Msizime bwana!" Edah aliwafokea. "Mtu atajuaje amefika steji?"

"Mama, usichungulie!" Mitchel alicheka. Alikuwa darasa la pili, na kwake huu ulikuwa mchezo mtamu kuliko kati, ule wa kukwepa mpira.

Kisiagi cha mahindi kikinguruma, kata kulia. Lakini Jumapili hakisagi. Jumapili itabidi kufuata ngoma za kanisani. Ukisikia harufu ya samaki wa Zilpah, umefika kioski cha maji, na mbele yake kuna mtaro usio na kifuniko. Mtaro huo ndio uliomnyima Edah usingizi. Alichuchumaa, akapapasa ukuta wa kioski chini chini mpaka akalipata tofali lililomeguka. Kutoka hapo akaenda kwa hatua ndogo ndogo.

Mguu ukatumbukia.

"Woi, Mama Mitchel!" Zilpah aliacha karai lake, akaja mbio. "Si uwache tu hii maneno? Huyu mtoto si atakuwa anakushikanga mkono?"

"Na siku mkono haupo?"

Zilpah alimpangusa tope gotini, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani daktari alisema nini?"

"Eti Krismasi haifiki kabla giza halijaingia." Edah aliumia, jamani, aliumia mpaka akatamani kupiga kelele hapo hapo barabarani.

"Mama, leo kuna ukungu," Mitchel alisema.

Edah alilisikia jua likimchoma shingoni. Aliubana ule mkono mdogo, akarudi kwenye tofali, akaanza upya. Safari hii unyayo uliupata ukingo wa mtaro, akavuka. Akaupita msumari wa fundi viatu ukigongwa, akapanda kilima kidogo, na mwishowe vidole vikagusa bawaba yenye kutu ya lango lao.

"Umeweza!" Mitchel alirukaruka. "Mama umeshinda!"

"Twende turudi shuleni."

"Tena?"

Walirudi. Pale langoni Edah aliifungua leso, akaigeuza upande ambao haukuwa umelowa machozi. Akapiga magoti mbele ya bintiye, akamfunga machoni polepole asimvute nywele.

"Haya, mama," alimwambia. "Sasa zamu yako. Kabla ya Krismasi utakuwa umeijua njia yote, hata ukungu ukizidi."