Risasi Moja kwa Saa

Tangu sheria iruhusu risasi moja tu kwa saa, uwanja wetu wa shabaha umechangamka kama harusi. Watu huja na chai, vitumbua na karata.

Asubuhi ile mke wangu, Mwanahawa, alipiga yake katikati kabisa, tukashangilia. Bastola yake hujikoki yenyewe kila kidole kivutapo kifyatulio, tayari kwa risasi nyingine, ila siku hizi hujikoki bure.

"Njoo ule, mama Shamte," nikamwita. "Nyingine ni mpaka saa ijayo."

"Hata siijali," akasema, akaketi akanipa mkono wa kulia niushike.

Akatusimulia jinsi dada yangu alivyokimbizwa na bata mzinga. Tulicheka hadi machozi, naye zaidi yetu, huku kidole chake cha shahada kikivuta, kikivuta, ndani ya kiganja changu.