Kalibu ya Bakuli la Mama

Bakuli la kioo waliloachiwa na mama yao lilipovunjika, Mwanaiki aliokota vipande vyote akampelekea dada yake Sharifa, aliyekuwa mfinyanzi. Sharifa akafinyanga kalibu ya udongo, akaichoma, akaipaka chokaa ili kioo kisigande, kisha akapanga vipande ndani yake viyeyukie tanurini.

Asubuhi walipofungua, kalibu ilikuwa imepasuka katikati. Mwanaiki akajishika kichwa. "Basi tena, dada."

"Ngoja kwanza, mdogo wangu."

Sharifa aliipindua kalibu taratibu. Bakuli likamtelezea viganjani, zima, lingali na vuguvugu. Pumzi aliyokuwa ameibana ikamtoka kwa kicheko. Mwanaiki akachota maji mtungini, akayamimina ndani, nao wakakaa chini wakiyatazama yakitulia.