Ruhusa ya Mraba

"Wanne wa katikati, songeni!" aliita Suud nyuma ya pazia, huku akigonga debe tupu la samli. "Shikaneni mkono wa kulia, mzunguke!"

Upande wa pili wa pazia mtu alimgonga mtu, na vicheko vikaripuka.

"Bakhita!" Ilikuwa sauti ya mkewe, Mahfoudha. "Kulia, mwanangu! Mkono unaolia wali!"

"Mie nalia kwa yote miwili, Bi Mahfoudha."

"Ndo maana hupungui."

Suud hakuwaona, wala haikumpasa kuwaona. Walikuwa wanawake wanane, mabuibui yao yametundikwa, na wanne wamevaa kofia za waume zao ili ijulikane nani ni mwanamme. Dansi yenyewe Mahfoudha alifunzwa skuli Unguja na mwalimu wa Kiingereza. Watu husimama wawiliwawili, wakatazamana kama kuta nne za chumba, kisha hupokezana na kuzunguka kama wanavyoitwa. Wasichana wa skuli waliiita mraba. Huku Maskati hakuna aliyeijua, na mraba hautimii kwa watu saba. Kwa hiyo Mahfoudha alipita nyumba hadi nyumba za watu waliotoka Unguja, akawabembeleza mmoja mmoja.

Wa mwisho kukubali alikuwa Kheiria, dada yake Suud. Tangu walipofika, Kheiria hakuwa akitoka chumbani, na akikujibu salamu ilikuwa bahati yako. Sasa kicheko chake kilisikika kikivipita vya wenziwe, na Suud akakosea mdundo kwa kukisikiliza.

Ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani yao, Marhoon.

"Hilo debe lenu lanipasua kichwa," alisema. "Mnapiga ngoma humu?"

"Si ngoma, sheikh. Ni jambo la kina mama tu."

"Ruhusa mnayo?"

"Hatuna."

"Basi itafuteni. Mkikosa, fungeni. Ama sivyo ntakwenda kusema mwenyewe."

Wageni wakavaa mabuibui yao. Kheiria aliivua kofia, akaitundika msumarini, akarudi chumbani kwake.

Asubuhi Suud alivaa kanzu safi, akaenda kwa Sheikh Aflah, ambaye ruhusa za mtaa wao zilipitia mikononi mwake. Njia nzima alikuwa akipanga Kiarabu chake. Neno la kucheza alilijua, lakini alilihofia. Wakati ule lilitosha kumfanya mkubwa akatae kabla hujamaliza kusema. Akaona bora aseme mraba tu, kwa Kiarabu. Neno lenyewe linamalizikia kwa ain, herufi ya kooni, na ain Suud aliimeza, kama walivyoimeza wote aliokua nao Ng'ambo ya Unguja.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya murabba," alisema.

Sheikh Aflah alimtazama. "Murabba? Wa Kiingereza?"

"Wa Kiingereza, sheikh. Mke wangu kajifunza skuli."

"Nimeuona Basra, kwa Waingereza wa kampuni. Hawakosi kila asubuhi."

Suud alistaajabu watu kucheza asubuhi mapema vile, lakini hakuonyesha. "Sisi ni alasiri," alisema. "Wanawake watupu. Mie nakaa nje ya pazia."

"Na makelele aliyonambia jirani yako msikitini alfajiri?"

"Ni debe, sheikh. Lazima liwepo."

"Ah, bila ya debe haiwezekani," alikubali Sheikh Aflah.

"Na wao wenyewe hupiga kelele wanapokosea."

"Hukosea wapi?"

"Pupa. Wanazungusha mbio mbio."

"Umesema kweli! Kitu hiki hakitaki pupa. Kinataka kuzungushwa polepole, tena mtu asiondoke mpaka kikamilike."

"Ndivyo asemavyo mke wangu," alisema Suud, na moyo wake ukaanza kumpenda mzee huyu.

Sheikh Aflah alicheka. "Mtu mzima aje kuomba ruhusa ya murabba! Mwambie Marhoon mimi nimeruhusu. Lakini nina sharti."

"Sema, sheikh."

"Mke wangu, Nasriya, naye afundishwe."

Alhamisi Bi Nasriya alifika na mtumishi wake aliyebeba vikapu viwili vilivyofunikwa kitambaa. Mahfoudha alishukuru mara tatu, akamwelekeza mtumishi avipeleke jikoni. Mgeni wa heshima haji mikono mitupu. Bakhita alimwachia mgeni nafasi yake, na kwa furaha kubwa akakaa chini.

Suud aligonga debe. Mwanzoni Bi Nasriya alikwenda kushoto wenziwe wakienda kulia. Akauliza kama ni lazima kuvaa kofia, akaambiwa ni lazima, akavaa. Kisha Suud akasikia sauti ambayo hakuitarajia.

"Njoo kwangu, bibi," Kheiria alikuwa akisema. "Nishike mie. Usitazame miguu."

Marhoon alipita njiani, akatoa salamu kwa adabu, akenda zake.

Jua lilipoanza kupoa, Bi Nasriya aliketi, akawa anajipepea kwa kofia.

"Wallahi sikujua kama ina kazi hivi," alisema. "Mikono yote imelegea. Lakini mie naja kila Alhamisi, hata mkinifukuza."

"Nani akufukuze?" alisema Kheiria, na wote wakacheka.

"Sasa niambieni. Maembe nimeleta vikapu viwili, na sukari imo humo humo. Huo murabba wenyewe, ule wa kupaka mkate, mnautia motoni saa ngapi?"

Nyuma ya pazia, Suud aliliweka debe chini taratibu, lisitoe sauti.

"Kesho," alisema Mahfoudha.