Ladha ya Tano kwa Mama Mkwe

Josiane alifungua bomba la sinki maji yamwagike kwa kelele, ndipo akawasha mashine ya kusagia kahawa. Ndani hamkuwa na kahawa. Mlikuwa na ndagala, wale dagaa wakavu wanaouzwa kwenye duka la Waafrika huko Marekani.

Sebuleni alikaa adui yake. Mama Mizero alikuwa ametoka Shively, kule Louisville, kuja Columbus kumkagua mwanamke anayetaka kuolewa na mwanawe Mizero. Na alishasema wazi: wao ni watu wa ng'ombe, wa milimani, hawali samaki na hawaoi mla samaki kama Josiane. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alimaliza wiki nzima hapo mtaa wa Linden bila kushika hata ufagio.

Josiane alikuwa na furaha moja tu, tena furaha mbaya. Mama alikuwa anakula. Maharagwe ya Mama Mizero mwenyewe yalisifiwa kutoka Louisville hadi Buffalo, na akiyapika hufunga mlango wa jiko, haingii mtu. Lakini haya ya Josiane aliyakwangua mpaka sahani ikang'aa, kisha akasonya.

"Umetia nini humu?" aliuliza Alhamisi.

"Bon, Mama, ni ladha ya tano," alijibu Josiane, ambaye kazi yake ni kufungasha supu kiwandani. "Kazini walitufundisha. Zamani wenye masomo walisema ulimi inajua ladha ine tu: sukari, chumvi, uchungu na ukali wa ndimu. Profesa moja wa Japani akaonja supu ya majani ya bahari, akasema hapana, iko ingine. Akaiita umami. Walimukatalia karibu miaka mia, mpaka walipata fasi yake kwenye ulimi. Kumbe ulimi ilikuwa inajua wakati yote."

"Wajapani wanakulaka samaki," alisema Mama Mizero. "Donc, hawana kitu ya kutufundisha. Ongeza kidogo."

Jumamosi akafika Ezéchias kutoka Buffalo. Ni mdogo wake Mama Mizero, mzee wa kanisa, na tangu baba yake Mizero afariki, neno lake ndilo linalofunga au kufungua ndoa katika familia. Alikula. Akaongeza. Akajifuta mdomo.

"Dada, unasema nini juu ya huyu binti?"

"Kupika anajua. Lakini mla samaki ni mla samaki."

"Basi imeisha. Mizero, utatafuta mwingine."

Mizero, mwanamume mzima anayebeba maboksi ghalani siku nzima, aliangalia zulia. Hapo ndipo Josiane aliposhindwa. Alikimbilia jikoni, akarudi na kopo la unga, akalimwaga mezani mbele yao.

"Ndagala! Wiki muzima, Mama, nakupikia ndagala! Na wewe, Baba, umekula sahani mbili!"

Ezéchias alitema kwenye kitambaa cha karatasi. Akasimama, akachukua koti lake, akasema hajawahi kutukanwa namna hiyo tangu azaliwe. Mizero alijifunika uso. Josiane alijua ameichinja ndoa yake kwa mkono wake mwenyewe, na alilia kwa hasira, maana bado alimpenda yule mwoga.

Mama Mizero peke yake hakuinuka. Alichota unga kwa ncha ya kidole, akaunusa, akaupeleka ulimini.

"Ezéchias, ikala chini," alisema. Kisha akamgeukia Josiane. "Ulisaga na vichwa? Aa, mtoto wangu. Vichwa tunatoaka kwanza, ndiyo harufu inapotea. Huyu mdogo wangu anakula maharagwe yangu tangu akiwa kijana, na hajaisikia hata siku moja."